Anza na Ile Chungu

Hapa Kebirigo, Nyamira, katika nchi ya Wagusii, mtu akikwambia anaenda kuchuma majani, usimwulize atayapika na nini. Majani hapa ni chai. Asubuhi, umande ukiwa bado umelala shambani, watu wameshafunga vikapu mgongoni wanachuma majani mawili na chipukizi, na kabla ya jioni mzigo uko kwenye kituo ukisubiri lori la kiwanda. Tunasomesha watoto kwa majani, tunaezeka mabati kwa majani, na bonasi ikitoka tunayasherehekea majani hayo kwa kilo mbili za nyama ya mbuzi. Lakini jani likiingia sahanini, wengi wetu, hasa wanaume, tunalitazama kama barua iliyotoka kortini.

Nami nilikuwa hivyo hadi nilipotimiza miaka arobaini na tatu. Chanzo nakijua. Nililala bwenini miaka minne, na katika miaka hiyo sukuma wiki ilichemshwa mchana ikaliwa saa moja usiku, imelegea, maji ya kijani yakielea juu, na mara mojamoja kiwavi aliyeiva pamoja nayo. Mwanafunzi aliyekuwa na shilingi kumi alinunua ovakado. Asiyekuwa nazo alifumba macho. Nilipotoka pale niliapa kwamba mboga na mimi tumeachana, na kiapo hicho nilikitunza kuliko vingi nilivyoapa baadaye.

Kisha nesi akanipima presha, akanyamaza, akapima tena. "Baba, punguza nyama na chumvi, ongeza mboga," akasema, akaita mgonjwa mwingine. Kuongeza kwa namna gani, hakusema. Nikafanya linalofanywa na kila mtu aliyeshtuka: nikapanda matatu hadi Kisii mjini, nikaingia supamaketi, nikanunua letusi, brokoli na chupa ya sosi ya saladi. Nilikula majani mabichi baridi, katika nchi ya baridi, usiku wa mvua. Siku ya nane nikarudi kwa mbuzi.

Aliyeniokoa ni mama mboga wa sokoni Kebirigo, ambaye nilikuwa nikimpita kila siku bila kumnunulia. Nilimwambia ukweli: "Mama, mboga imenishinda. Nipe ile isiyo chungu."

Akacheka. "Mwalimu, isiyo chungu ndiyo iliyokushinda. Beba chinsaga."

Nilidhani ananitania. Sasa, miaka sita baadaye, ushauri wake ndio ninaompa kila anayeniuliza, na ndio makala haya yanaoutetea: wewe usiyependa mboga, usianze na mboga laini. Anza na ile chungu. Ulimi uliozoea nyama, chumvi na pilipili hautafuti upole, unatafuta kitu chenye nguvu. Letusi haina la kuuambia ulimi huo. Sukuma wiki ya maji imepoteza hata kile kidogo ilichokuwa nacho. Chinsaga inakuja na uchungu wake, harufu yake, na namna ya kupikwa ambayo magokoro wetu, yaani bibi zetu, waliitengeneza kwa subira ya miaka mingi kwa sababu walijua wazi kwamba ni chungu. Mboga laini hupikwa ovyo kwa kuwa hata ikipikwa ovyo italika. Ile chungu inamlazimisha mpishi afikiri.

Tusemezane kwanza kuhusu majina, maana sokoni utapotea. Chinsaga ndiyo mgagani kwa Kiswahili cha vitabuni. Wajaluo wanaiita dek, Waluhya tsisaka, na Nairobi wauzaji wengi husema saga. Rinagu ndiyo mnavu, ambayo karibu Kenya nzima sasa inaitwa managu. Emboga ni mchicha, au terere. Risosa ni majani ya maboga, enderema ni ile inayotambaa uani yenye majani manene yanayoteleza, na omotere ni mrenda. Kunde unaijua. Hizi zote zilikuwa hapa kabla ya kabeji na sukuma wiki, ambazo zililetwa na Wazungu. Kwa miaka mingi mboga hizi za asili zilihesabiwa magugu, mtoto akatumwa kuzing'oa kati ya mahindi. Mmoja wa waliobadilisha hali hiyo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Alipokuwa mtoto, mwili wake ulikataa vyakula vinavyotokana na wanyama, akakulia kwenye mboga za kienyeji, na alipokuwa mtaalamu akazifanya kazi yake ya maisha. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano ya kuigwa. Gugu la shamba la mahindi limefika mbali.

Na bado hatuli. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukizwa, asilimia 94 ya watu wazima nchini walikuwa hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 kwa siku, matunda yakiwemo. Usitafute mizani. Bakuli la chinsaga iliyopikwa, ndizi mbivu mbili na pera moja la kando ya njia, umefika au umekaribia.

Kuhusu uchungu wenyewe, fahamu jambo moja litakalokupunguzia lawama nyumbani: huenda ulimi wako na wa mkeo si sawa. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akimimina unga fulani maabarani, vumbi likaruka. Mwenzake akalalamika kuwa ni chungu mno. Fox hakuonja chochote. Walibishana, wakaonja tena, wakaanza kuwapa na wengine, na ikaonekana kwamba watu wamegawanyika tangu kuzaliwa: kuna wanaousikia uchungu wa aina hiyo na kuna wasiousikia kabisa. Baadhi ya uchungu wa jamii ya kabeji uko katika mkondo huo, na chinsaga ni ndugu wa karibu wa jamii hiyo. Kwa hiyo anayekataa chinsaga si lazima awe mwenye madeko. Pengine anasikia kitu ambacho wewe hukisikii. Lakini ulimi hufundishika. Waliochunguza ulaji wa watoto wanasema mtoto aweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali. Mtu mzima hupewa nafasi mara moja, tena amekasirika.

Sasa jikoni, na hapa nitakaa kidogo.

Nunua chinsaga kwa wingi kuliko unavyodhani unahitaji. Mafungu manne yanaonekana kama chakula cha ng'ombe, lakini yakishapikwa yanatosha watu wawili. Chagua iliyochumwa kabla haijachanua sana. Ikijaa maua na vile viganda vyembamba kama vijiti, uchungu umezidi na jani limekomaa. Nyonyoa majani na vikonyo laini, shina gumu utupe kwenye mbolea. Osha mara tatu, maana mvua ya huku hurusha udongo hadi juu ya jani. Chemsha maji kwanza, ndipo utie mboga. Usifunike. Iache ichemke robo saa hivi, zaidi kidogo kama majani yamekomaa, kisha mwaga sehemu ya maji. Usiyamwage yote kwa pupa: katika maji hayo unamwaga uchungu, ndiyo, lakini pia vitamini C na nyinginezo zinazoyeyuka. Nikiwa mgeni nilimwaga yote. Sasa namwaga nusu, na wiki nyingine simwagi kabisa.

Njia ya asili ya Wagusii inaendelea na maziwa. Mboga inawekwa kwenye chungu cha udongo, inamiminiwa maziwa, inalala, kesho inapashwa na kuongezwa maziwa tena, na siku ya pili au ya tatu imekuwa kitu kingine: nzito, laini, uchungu umerudi nyuma umebaki kama sauti ya besi katika kwaya. Mama aliyejifungua hupikiwa hiyo, na wazee watakuambia inaleta maziwa ya mtoto. Mama yangu aliipika hivyo.

Kama umeamua kula vya mimea tu, au maziwa yanakusumbua tumbo, karanga zinaifanya kazi hiyo vizuri, na mimi nazipenda kuliko maziwa. Kaanga njugu karanga kavu, saga au twanga hadi zitoe mafuta, koroga na maji vuguvugu ziwe kama uji mwepesi, mimina juu ya mboga, punguza moto, koroga kila mara zisishike chini, dakika ishirini. Kisha iache ilale. Kulala huku usikuruke, hata kama una haraka, kwa kuwa ndiko kunakofanya nusu ya kazi. Kesho yake kaanga kitunguu, rudisha mboga, chumvi itie mwisho kabisa na utaona inatosha kidogo kuliko ulivyozoea. Karanga zichague: zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku, maana sumu ya ukungu huo haitoki kwa kukaanga. Na kama huna friji, chemsha mboga hiyo asubuhi na jioni hadi itokote, na usiivushe siku ya pili.

Njia ya tatu ni ya mvivu, na mimi ni mvivu siku tano kati ya saba. Pika chinsaga kawaida, ipakue, kisha ponda nusu ya ovakado lililoiva juu yake na ukamulie ndimu. Ovakado katika Nyamira ni kitu ambacho hata jirani mchoyo atakupa. Mafuta yake hufunika uchungu, na mwili huhitaji mafuta ili uchukue ile vitamini A ya majani ya kijani. Mboga kavu isiyo na tone la mafuta ni nusu ya faida.

Kama bado ni vita, changanya. Magokoro hawakupika mboga moja peke yake ila walipokosa. Wiki ya kwanza nusu iwe risosa, nusu chinsaga. Risosa haina ubishi na mtu. Kila wiki punguza risosa. Managu pia anza na yenye majani mapana, ile ya majani madogo ni kali zaidi. Toa matunda yote mabichi ya kijani kabla ya kupika, hayo yana sumu, na usichume mnavu wa porini usioujua. Kitu kimoja ninachokuomba usifanye ni kutia magadi mengi ili mboga ilainike upesi. Italainika, rangi itakuwa nzuri ya kupigwa picha, na vitamini C itakuwa imekwenda.

Pembeni weka obokima bwa wimbi, yaani ugali wa wimbi, badala ya ule wa unga mweupe wa pakiti, angalau mara mbili kwa wiki. Kati ya nafaka tunazokula, wimbi ndilo lenye kalsiamu nyingi zaidi, jambo la maana kwa aliyeacha maziwa. Na ladha yake ya udongo na moshi inaelewana na chinsaga. Kama nyumbani bado kuna ekee, kile kikapu cha kuhifadhia obokima, usikiweke ukutani kama pambo. Obokima hukaa na joto humo kuliko kwenye bakuli la plastiki.

Nafika kwenye chai, na hapa najua nitapata maadui. Sisi tunakula, tukimaliza tunasukumizia na kikombe cha chai, wakati mwingine kikombe kiko mezani pamoja na sahani. Madini ya chuma yaliyo katika mboga, maharagwe na wimbi hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama, na chai huyashika njiani yasifyonzwe. Mtu anakula chinsaga mwezi mzima, anapima damu, bado ipo chini, halafu anasema mboga ni uongo. Chai yetu haina kosa. Tatizo ni saa. Kunywa saa moja au zaidi baada ya kula, au katikati ya asubuhi. Ndani ya mlo wenyewe weka kitu chenye vitamini C: ndimu, nyanya mbichi, chungwa, au pera, ambalo hapa linaoza chini ya mti huku tukinunua juisi ya chupa. Kwa mama mjamzito jambo hili lina uzito zaidi.

Je, uache nyama kabisa? Mimi sikuacha. Nakula mara moja kwa wiki, pengine mara mbili kukiwa na sherehe, na sijidai. Ila katika Gusii hatuna haja ya kuwatafuta mbali watu wasiokula nyama. Wasabato walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na mafundisho yao yakapanda milima hadi kwetu. Leo si rahisi upite vijiji vitatu usikute kanisa lao, na katika kila kanisa wapo wazee ambao hawajagusa nyama kwa miaka mingi na bado wanapanda mlima wakiongea. Huko Marekani na Kanada, Chuo Kikuu cha Loma Linda kilianza mwaka 2002 kuwafuatilia Wasabato wapatao 96,000. Matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha kwamba wasiokula nyama, au wanaoila kwa nadra, walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 12 katika miaka ya uchunguzi huo ikilinganishwa na walaji wa nyama wa kanisa hilohilo. Asilimia 12 si muujiza. Lakini si haba, kwa kitu kinachoota nyuma ya jiko.

Nenda kawaulize wazee hao wanakula nini, utagundua kwamba hawali majani tu. Wanakula maharagwe, ndengu, njugu, soya, matoke. Kosa kubwa la anayeanza ni kutoa nyama sahanini na kutoweka kitu pale ilipokuwa. Saa nne usiku njaa inamwamsha, anasema mboga haishibishi. Ni kweli, haishibishi, wala hiyo si kazi yake. Maharagwe ndiyo yanayoshibisha: yaloweke usiku, maji hayo mwaga, gesi itapungua. Na ukiondoa kila kitu cha mnyama, maziwa na mayai vikiwemo, jua kwamba hakuna jani wala mbegu utakayoitegemea kwa vitamini B12. Mwili huwa na akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu humjia mtu polepole, ganzi miguuni, usahaulifu, uchovu, naye amekwishasahau alichokiacha. Nunua vidonge vyake, au bakiza maziwa. Na kama unameza warfarin ya kuzuia damu kuganda, usiruke ghafla kutoka mboga sifuri hadi sahani mbili kwa siku kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa vitamini K ya majani hugongana na dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza.

Basi mboga "safi", ya kilimo hai, utaipata wapi? Nitaanza na kicheko cha historia. Milima hii yetu ilikuwa nchi ya pareto. Wazee waliokulia enzi hizo watakusimulia maua meupe yaliyokaushwa kwenye majamvi, magunia yakapelekwa Nakuru, na Kenya ikiongoza dunia. Pareto ni nini? Ni dawa ya wadudu inayotoka kwenye ua, inayovunjika upesi juani, na ambayo hata wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kuitumia. Tukaiuza ng'ambo, kilimo kikaporomoka, sasa tunanunua chupa za plastiki zenye fuvu la kichwa ili tumwagie sukuma wiki. Siisifu pareto kupita kiasi. Inaua nyuki kama inavyoua kidukari, na cha asili si lazima kiwe salama. Ila nikipita kwenye maduka ya dawa za shamba nakumbuka maua yale.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Ukiiona kwenye bidhaa, kuna mtu aliyekagua. Kwenye kibanda cha Kebirigo hutaiona, na usimdharau muuzaji kwa hilo. Ukaguzi ni gharama, na fungu la managu halibebi gharama hiyo. Kwa hiyo ukaguzi ufanye mwenyewe, kwa mdomo. Usiulize "hii haina kemikali?" Hilo ni swali la ndiyo au hapana, na muuzaji mwenye watoto wa kulisha atajibu ndiyo. Uliza: "Mama, hii imetoka shamba la nani? Alipiga dawa lini?" Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko, na mara nyingi tatizo letu haliko kwenye kupiga dawa, liko kwenye kupiga Jumanne na kuchuma Alhamisi kwa sababu bei imepanda. Hilo hutokea hasa wakati wa kiangazi, mboga zinapoadimika na vidukari vinapozidi. Nunua kwa mtu yuleyule kila mara. Mama mboga anayejua kwamba utarudi kesho ana sababu ya kukwambia, "Hii leo usichukue."

Matundu kwenye majani? Watu husema ni dalili kwamba hakuna dawa. Yaweza kuwa dalili kwamba dawa ilipigwa baada ya mdudu kushiba. Kuosha nako kunatoa vumbi na baadhi ya mabaki ya juu, siyo dawa iliyoingia ndani ya jani. Ndugu zetu wa Nairobi wana shida yao nyingine, ya mboga zinazonyweshewa maji ya mitaro, na kwao ningesema mtumie mama shambani nauli ya fungu lije na basi.

Dawa ya haya yote ni gunia. Sitaki kukudanganya kwamba kila mtu ana shamba. Gusii tumegawana ardhi hadi mipaka inakaribia kugusana mlangoni, na kipande kilichobaki kina chai, nayo chai hutaing'oa kwa ajili ya managu. Lakini gunia la kilo tisini linakaa hata kando ya bafu. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, acha mkondo wa mawe madogo katikati wa kupitishia maji, toboa matundu ubavuni, panda managu na emboga kwenye matundu, chinsaga na dhania juu. Mbolea ya majimaji iko barabarani bure: tithonia, yale maua ya njano yanayofanana na alizeti yaliyojaa kwenye nyua. Katakata majani yake, loweka kwenye ndoo wiki mbili, funika kwa sababu ya harufu, kisha punguza kwa maji na umwagilie shinani. Vidukari vikija, maji ya sabuni kidogo jioni. Chinsaga iko tayari kuchumwa ndani ya wiki nne au tano, na ukikata vichwa vya maua mapema itaendelea kutoa majani.

Nimalizie na watu wengine, maana mlo wa Mgusii si wa mtu mmoja. Usitangaze kwamba umebadilika. Ukitangaza, kila shemeji atakuletea paja la kuku kukupima. Ukialikwa mahali ambapo kuku wa kienyeji atachinjwa kwa heshima yako, piga simu siku mbili kabla, useme hospitali imekukataza. Hospitali ni kisingizio kinachoheshimiwa na kila mtu. Imani na maoni havina kinga hiyo. Ukifika ghafla na kuku ameshakatwa, kula kipande, shukuru, jaza sahani kwa mboga. Mwenye nyumba hasahau aliyemkatalia kuku. Na nyumbani, kama wewe ni baba na watoto hawali mboga, jua wanatazama sahani yako kabla ya kutazama yao. Binti yangu alianza kula chinsaga siku aliyonikuta nikikomba chungu kwa kidole.

Mwezi Januari niliacha mimea mitatu ya chinsaga bila kuikata, ikachanua, ikabeba vile viganda virefu. Vilipoanza kuwa vya njano nilivichuma kabla havijapasuka na kumwaga mbegu zote chini, nikavianika kwenye gazeti dirishani. Mbegu nyeusi, ndogo kuliko za wimbi, zimejaa robo chupa ya sosi, ileile niliyonunua Kisii kwa ajili ya letusi. Nilitaka kuzisia mara moja. Mama mboga akanizuia: mbegu mpya ya chinsaga ina usingizi, ukiipanda sasa haitaota, ipe miezi mitatu. "Mwalimu, kaa nayo," akasema. Iko juu ya kabati. Nitaisia Aprili.